Namna ya Kuimaliza Betri Kabla Bibi Harusi Hajaingia

Hongera kwa kamera mpya. Umeitoa Kariakoo na nailoni yake kwenye skrini, umepewa risiti, begi la bure na mkanda wenye jina la kampuni kwa herufi zinazosomeka hata na walioketi meza za nyuma. Jumamosi una harusi. Kazi iliyobaki ni moja tu: kuhakikisha kwamba saa tatu usiku, MC anapowaomba wageni wasimame wampokee bibi harusi, kamera hiyo imekata moto mikononi mwako. Wengi hudhani jambo hili hutokea lenyewe, kwa bahati mbaya au kwa jicho la mtu. Hapana. Linataka maandalizi, na maandalizi huanza siku ile ile ya kufungua boksi.

Kwanza, achana na kitabu cha maelekezo. Kile chembamba kilicho kwenye boksi kinakuambia usiimeze betri. Kile kinene kiko mtandaoni, kina mamia ya kurasa, na humo ndimo walimoficha kila kitu kitakachokuharibia mpango. Msikilize muuzaji, maana yeye ana uzoefu.

"Bosi, betri mpya hii. Ichaji masaa kumi na mbili kabla hujaigusa. Halafu itumie mpaka izime yenyewe, ndo uchaji tena. Fanya hivyo mara tatu, itakaa miaka."

Usimcheke. Ushauri huo una ukoo wake. Kamera ya kwanza ya dijitali, ile aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na ndani yake zilipangwa betri 16 za nikeli na kadimiamu. Betri za aina hiyo ndizo zilizokuwa na tabia ya kushika mazoea: ukizichaji kila mara zikiwa nusu, zinakuja kukupa nusu. Kuzikausha kulikuwa na maana. Ila hii uliyonunua ni ya lithiamu, aina ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo mwaka 2019 iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia. Haina mazoea hayo. Ikijaa, chaja inakata yenyewe, kwa hiyo masaa kumi na mbili ni ya kupamba ukuta. Na kinachoichosha ni huko kukaushwa mpaka mwisho, tena na tena. Basi wewe ikaushe mara tatu kama ulivyoambiwa. Umeshaanza vizuri.

Ikijaa, iweke kwenye dashibodi ya gari. Betri ya lithiamu huzeeka haraka zaidi ikiwa imejaa pomoni na iko penye joto. Yote mawili utayapata kwa pamoja ukiegesha juani Posta mwezi wa Februari, vioo vimefungwa. Watu wanaojali betri zao huziacha na chaji ya nusu hivi wasipokuwa na kazi, mahali pa kivuli, na huzijaza usiku wa kuamkia shughuli. Hao tuwaache na maisha yao.

Sasa betri ya akiba. Ya kampuni itakuuma mfukoni, na pembeni yake kuna nyingine ya robo ya bei, imeandikwa mAh 3500 kwa rangi ya dhahabu. Chukua hiyo. Usijiulize imekuwaje kiwanda kisichojulikana kikatia mAh 3500 kwenye kiboksi kile kile ambacho Canon, kwa betri yao ya LP-E6NH, wameishia 2130. Kama nyumbani kuna mzani wa jikoni, usiupandishie betri hizo mbili: ile ya ahadi kubwa ikionekana nyepesi, utaanza kuwaza mambo, na usingizi utakuruka. Kwa haki lazima niseme kwamba zipo betri za kampuni nyingine zilizo nzuri kabisa, na wapiga picha wanazitumia miaka. Huwa zinaandika namba zinazofanana na za wenzao na bei yake haichekeshi. Wewe epuka hizo pia.

Tufike kwenye menyu, kwa sababu hapa ndipo kazi inapofanyika kwa asilimia kubwa, na ndipo mtu mvivu anapofanikiwa bila hata kunyanyua kidole: ziache setingi kama zilivyotoka kiwandani.

Kwanza uelewe unachopambana nacho. Kamera za zamani za kioo, zile zinazolia "kwacha" ukibonyeza, zilikuwa zinakuonyesha mandhari kwa kuirudisha nuru kwa kioo mpaka jichoni kwako. Nuru haitozi umeme. Sensa ililala, ikaamka unapobonyeza, ikalala tena. Kamera yako haina kioo hicho. Unachokiona kwenye skrini au kwenye kijidirisha cha kuchungulia ni televisheni: sensa iko macho muda wote, kompyuta ya ndani inatengeneza picha makumi ya mara kwa sekunde, na kiskrini kingine kinakuwashia. Ndiyo maana Nikon D850, kamera ya kioo ya mwaka 2017, imepimwa kuwa inapiga picha 1,840 kwa betri moja ya mAh 1900, wakati Canon EOS R5, isiyo na kioo, inapewa picha 320 ukitumia kijidirisha, na betri yake ni kubwa zaidi.

Namba hizo nazo zina siri yake, na ukiijua utapata nguvu mpya ya kulalamika. Hutokana na kipimo cha CIPA, umoja wa watengenezaji kamera wa Japani. Wanapiga picha moja kila sekunde 30, flashi inawaka picha moja inaruka moja, kamera inazimwa na kuwashwa kila baada ya picha 10, na joto la chumba ni nyuzi 23. Chumba cha nyuzi 23 Dar es Salaam kipo, ila kiko upande wa meza kuu, chini ya kiyoyozi, si pale unaposimama wewe na mpiga disko. Na utaona kwamba kipimo hicho hakihesabu picha kwa kweli, kinahesabu muda ambao kamera imekaa macho. Mtu anayepiga mfululizo anaweza kutoa picha elfu moja na zaidi kwa betri hiyo hiyo ya "picha 320". Anayewasha kamera saa nane mchana, akaivaa shingoni ikiwa wazi, akapiga picha 60 mpaka magharibi, atarudi na betri tupu na hoja kali kwamba ameuziwa kopi.

Kwa hiyo shabaha yako ni kuinyima kamera usingizi. Ingia penye muda wa kuzima yenyewe, toa dakika moja, weka "kamwe". Mwanga wa skrini upandishe mpaka juu. Washa fokasi ya awali, ile inayoifanya lenzi itafutetafute hata kabla hujagusa kitufe. Iache itafute nyuso za watu kwenye mapazia ya ukumbi. Kituliza mtikisiko kiwe kimewashwa hata kamera ikiwa juu ya stendi, ili sensa iendelee kupambana na mtikisiko ambao haupo. Kila picha ukishapiga, itazame, ikuze, mwonyeshe shemeji wa bwana harusi, naye amwite mwenzake. Hapo mnakula chaji kwa ushirikiano, kama ilivyo desturi ya shughuli yoyote.

Usisahau Wi-Fi na Bluetooth. Ulipounganisha na simu siku ya kwanza ili urushe picha moja kwenye kundi, kamera iliweka ahadi. Kuanzia hapo, kwa baadhi ya aina, hata ukiizima inaendelea kuitafuta simu usiku kucha. Ipo setingi ya ndegeni inayokata mawasiliano yote kwa mguso mmoja. Wewe hupandi ndege, unakwenda Sinza. Iache.

Na begi. Watu wengi hawajui kwamba begi nalo linaweza kufanya kazi. Pembeni ya kijidirisha kuna kijicho kinachohisi uso wako ukisogea, kikahamisha picha kutoka skrini kwenda kwenye kijidirisha. Hakitofautishi uso na kitambaa. Kamera ikiwekwa begini bila kuzimwa kwa swichi, kitambaa kinakisogelea kijicho, kijicho kinadhani umerudi, kijidirisha kinawaka, na kwenye foleni ya Morogoro Road betri yako inaangalia giza la begi kwa ubora wa hali ya juu. Ukifika, begi lina joto la mkate uliotoka tanurini, nawe utasema hujapiga hata picha moja. Ni kweli kabisa.

Hapo tayari tumeingia kwenye joto, na si kwa bahati. Watu huja na malalamiko mawili, betri inaisha haraka na kamera inachemka, kana kwamba ni wagonjwa wawili. Ni mmoja. Umeme wote unaotoka kwenye betri ya kamera mwishowe hugeuka joto, na joto hilo halina pa kwenda ila kwenye mwili wa kamera na kiganja chako. Ukishajua hivyo, kila setingi uliyoiwasha hapo juu imeshakufanyia kazi mara mbili.

Ila kwa matokeo ya uhakika, rekodi video. Weka 4K, fremu 60 kwa sekunde, kiwango cha juu kabisa cha data, kwa shughuli nzima kuanzia watu wanapopanga viti. Usijiulize nani atazitazama fremu hizo 60 kwenye simu ndani ya WhatsApp, ambako zitaminywa mpaka keki ifanane na sofa. Kama kamera yako ina 8K, una bahati zaidi. Ile Canon R5 ilipotoka Julai 2020, wenyewe Canon walitoa jedwali: video ya 8K dakika 20 hivi, kwenye nyuzi 23, halafu kamera inahitaji kupumzika. Dunia ya wapiga picha ililipuka kwa hasira, na mwezi uliofuata kampuni ikatoa programu mpya iliyolegeza kidogo. Sababu ni rahisi. Mwili wa kamera hiyo umezibwa usipitishe vumbi wala mvua, na palipozibwa maji yasiingie, hewa ya moto nayo haitoki. Panasonic walikuwa wametia feni kwenye S1H yao mwaka 2019, na Canon wenyewe walikuja na R5 C yenye feni Januari 2022. Wewe hujanunua yenye feni. Umenunua ndogo, nyepesi, nyeusi, kwa sababu ilikaa vizuri mkononi.

Nyeusi ni rangi nzuri kwa kusudi letu. Kwenye harusi ya ufukweni Kigamboni, saa nane mchana, isimike juani kwenye stendi tangu mapema, ikiwa imewashwa, ikikusubiri. Ivalishe na lile gamba la mpira ulilonunua kuilinda. Linazuia mikwaruzo na pia linazuia joto lisitoke. Skrini ile inayozunguka ilaze imebana mgongoni mwa kamera. Ukiichomoa ikasimama pembeni, mgongo unapata hewa, na kwa kamera nyingi dakika za kurekodi zinaongezeka, jambo ambalo hatulitaki. Kisha chomeka pawabenki ili ichaji betri iliyomo ndani huku kamera inarekodi: joto la kurekodi likutane na joto la kuchaji, vifahamiane. Ukikuta kwenye menyu setingi ya kiwango cha joto cha kamera kujizima, yenye "kawaida" na "juu", usiiguse. Kwenye "kawaida" kamera inajikatia mapema ili isikuunguze kiganja. Wenye stendi huipandisha "juu", kwa kuwa hawaishiki, na hiyo setingi moja imewaokoa watu wengi waliokuwa wameshapanga safari ya kurudi dukani.

Kuna tukio moja lazima nikutayarishe nalo, kwa sababu linaleta furaha ya uongo. Uko kanisani, mchungaji amefika katikati ya mahubiri, video inakata. Unaigusa kamera, wala haina joto kubwa. Betri ipo. Angalia dakika: kama ni 29 na sekunde 59, hujafanikiwa lolote, ni forodha tu. Kamera nyingi za miaka ya nyuma ziliwekewa kikomo hicho kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mkubwa zaidi kifaa kinachorekodi nusu saa na kuendelea, kikihesabiwa kamera ya video. Kwa hiyo wosia wa ndoa huko Mbezi ulikatwa na karani wa ushuru aliyekaa Brussels. Bonyeza tena uendelee.

Kamera ikishachemka kweli, na kile kialama cha kipimajoto kikaanza kupepesa, fanya kama anavyofanya kila mtu mwenye haraka: ipeleke jikoni, waombe wahudumu wakuwekee kwenye friji la soda. Itapoa, hilo halina ubishi. Halafu itoe kwenye hewa ya Dar es Salaam, hewa ambayo unaweza kuikamua, uone umande unavyotanda juu ya lenzi, ndani ya lenzi, na mahali pengine usipopaona. Mwenye subira angeizima, akatoa betri na kadi, akaacha milango yake wazi kivulini mbele ya feni. Mwenye subira hafai kwenye mwongozo huu.

Hapa niweke mzaha chini kidogo. Ukitoa betri ukaona imevimba, au imekataa kutoka kwa sababu imetuna, hiyo hairudi kwenye chaja wala kwenye kamera. Usiibonyeze irudi bapa, usiitoboe, usiitupe jalalani kwenye moto. Iweke mbali na vitu vinavyoungua, kisha mpelekee fundi au duka linalopokea betri mbovu. Betri mpya inayovimba ni kosa la betri, halina mjadala wa setingi.

Tuendelee. Baada ya yote haya utataka kujua kama kamera ni mbovu kweli au ni wewe. Nakusihi usifanye jaribio, kwa sababu litakupa jibu. Kwa kukuonya tu, ndivyo lilivyo. Mtu anarudisha setingi za kiwandani, anaingiza toleo jipya la programu ya kamera, anazima mawasiliano yote, anaijaza betri ya kampuni, anaizima kamera kwa swichi na kuilaza mezani usiku mzima bila lenzi wala kadi. Asubuhi anaandika asilimia iliyobaki. Usiku wa pili anaijaza tena betri ile ile na kuilaza nje ya kamera. Ikiwa nje imebaki kamili na ndani imeisha, kamera inavuja umeme ikiwa imezimwa, na ana kesi. Ikishuka hata nje, betri ndiyo mbovu, na pia ana kesi. Ikibaki imejaa usiku wa kwanza na wa pili, anarudisha lenzi, kadi na Bluetooth, kimoja kila usiku, mpaka mwizi ajulikane. Joto nalo ni hivyo hivyo: kamera iliyozimwa ikiwa bado ya vuguvugu baada ya saa nzima, hapo kuna tatizo ambalo menyu hailiponyi.

Unaona ubaya wake? Mtu wa namna hiyo anakwenda dukani na karatasi yenye saa na asilimia, muuzaji anakosa la kusema, anabadilishiwa ndani ya siku za waranti, na hadithi imekwisha. Ukienda bila karatasi mtakuwa na mazungumzo marefu na matamu.

"Kaka, hii kamera inakula chaji."

"Haiwezekani bosi, nimeuza kumi, hajarudi mtu. Lete niione." Anaipulizia kwenye vijichuma vya betri, anaifuta kwa shati, anaiwasha. Inawaka. "Si hii hapa? Ulikuwa unaitumiaje?"

Basi Jumamosi imefika, na kama umefuata kila hatua, betri ya kwanza imeishia kwenye foleni, ya rangi ya dhahabu imeonyesha chaji kamili kwa dakika tisa halafu ikajifia, na kamera yenyewe ina kialama cha kipimajoto. Muziki umebadilika. Milango inafunguliwa. Usitaharuki, na usiikung'ute kamera mbele ya watu. Iweke jichoni, kunja goti moja, kidole kitembee kwenye kitufe kama kawaida, flashi ikiwaka yenyewe kwa betri zake za penseli. Hakuna atakayejua. Wakati huo huo angalia upande wa kushoto wa ukumbi, meza ya pili, yupo shangazi aliyevaa kitenge cha sare amesimama juu ya kiti na simu yenye kioo kilichopasuka, anarekodi kila kitu kwa wima huku akipiga vigelegele. Kaa karibu naye wakati wa chakula. Mwite mama, mletee soda, mwombe akurushie zote, tena kama faili, zisiminywe. Kisha nenda nyumbani ukaziwekee nembo yako.